Hewa Tuliyoibeba Kutoka Kabiro

Tangu nirudi, kila anayeleta tairi kwangu ananiuliza chini ya bahari kukoje. Sijui kukoje. Sikufika chini ya bahari, na Ochieng' naye hakufika. Tulikwenda mpaka ufukweni, yakatupata yaliyotupata, tukarudi. Wengi wenu mmesikia kwamba mimi nimepata kazi huko Pwani na mwenzangu amekosa, na mmekuja kunipa mkono wa hongera, hadi nimekuwa nikijificha nyuma ya magari nikiona mtu anakuja huku anatabasamu. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kusimulia kwa mdomo kuna mahali naruka. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asiruke neno.

Kabiro, matayarisho

Kwa wasiomjua vizuri, Ochieng' alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Lavington. Kila siku alipita mbele ya karakana yangu hapa Kabiro akienda soko la Kawangware kwa baiskeli, na kwa kuwa baiskeli yenyewe ilikuwa na tairi bovu kuliko zote Nairobi, tukawa marafiki. Mzungu wake alikuwa na ugonjwa wa bahari. Likizo ikifika alipakia mitungi ya hewa kwenye gari, akamchukua na mpishi wake ampikie huko, wakashinda ufukweni. Ochieng' amezaliwa kando ya ziwa na anaogelea tangu utotoni, kwa hiyo yule Mzungu akamfundisha kuzamia: mtungi mgongoni, mpira wa kupumulia mdomoni, miwani machoni. Nasikia alikuwa akishuka naye mpaka kwenye mawe ya chini na kumwonyesha samaki.

Mwaka jana Mzungu akarudi kwao, na nyumba ikapata wenyeji wengine wenye mpishi wao. Ochieng' aliachiwa mtungi mmoja, mpira wake, miwani, na vile viatu vya mpira vipana vya kuogelea. Akahamia chumba kimoja Kisumu Ndogo, kule Kibera, pamoja na watoto na mkewe, Mama Akinyi, ambaye wengi mnamjua kwa omena anazouza, dagaa wale wa ziwani. Alizunguka kutafuta kazi ya upishi mpaka soli za viatu zikaisha. Nyumba ikawa inategemea omena tu.

Ndipo dereva wa lori la nazi alipoleta salamu sokoni. Bwana Athumani, mkuu wa wazamiaji katika hoteli moja kusini mwa Mombasa, alikuwa anatafuta msaidizi mmoja, mtu wa kujaza mitungi na kuingia majini na wageni. Alimkumbuka yule mpishi anayeogelea. Aje Jumamosi ajaribiwe, na akiwa na vyombo vyake itakuwa vizuri zaidi. Mama Akinyi aliposikia alikaa kitako kwenye gunia, akafunika uso kwa kanga. Nilikuwepo, na nilijua kazi hii ilikuwa na maana gani katika nyumba ile.

Hapo ndipo nilipotia mdomo wangu.

"Mtungi uko na hewa?" nikamuuliza.

"Hapana. Iliisha zamani."

"Sasa utaenda kuomba kazi na mtungi mtupu?"

Mnajua mambo yetu. Kwetu Kitui ukiletewa chombo hukirudishi kitupu, hata ukitia ndizi mbili. Kwa kina Ochieng' ni vivyo hivyo. Mama Akinyi akaniunga mkono palepale, akasema mtu haingii kwa watu na chombo kitupu, kwamba huo ni mkosi, na kwamba Mutua amesema kweli. Ochieng' alisitasita. Alisema Mzungu wake alikuwa akijaziwa mitungi hukohuko Pwani, na mashine yao.

"Mashine ni mashine," nikasema. "Na mimi natia watu hewa kila siku. Ya huko kwani inatoka mbinguni?"

Watu waliotuzunguka wakacheka, na mimi nikavimba kichwa. Mdomo wa mtungi haukulingana na mpira wa kompresa yangu, kwa hiyo nikachonga kipande cha bomba, nikakifunga kwa mpira wa tyubu na kibanio, nikawasha. Kompresa ni ile ninayoijazia matairi na kupulizia magari rangi, mnaijua, ile inayotema mafuta kidogo ikipata joto. Mshale wa geji ulipofika mwisho wake nikazima na kuupiga mtungi kofi. Nikatangaza kwamba umejaa pomoni. Kuanzia siku hiyo mkaanza kuniita Injinia, nami nikawa naitika.

Tukaujaribu nyuma ya karakana, kwenye pipa la maji ambalo natafutia matundu ya tyubu. Nusu ya Kabiro ilikuja kutazama. Ochieng' alipiga magoti, akavaa miwani, akatia mpira mdomoni, akazamisha kichwa. Mapovu yakapanda na watu wakapiga makofi. Alikaa humo muda, kisha akainuka ghafla na kushika ukingo wa pipa kwa mikono yote miwili.

"Kichwa kinaniuma," akasema polepole. "Na hii hewa iko na ladha ya mafuta."

"Ni woga," nikamwambia mbele ya watu wote. "Halafu hujala."

Alinitazama kama anayetaka kusema kitu, lakini watu walikuwa wanacheka, naye akacheka pia. Nikaujaza mtungi tena. Nikasema nitafuatana naye mpaka Pwani kuuangalia, maana fundi haachi kazi yake njiani. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kuiona bahari na nilitaka kuiona.

Nairobi hadi Emali

Utingo wa basi alikataa kuuweka mtungi juu ya paa. Alisema jua likiuwakia utalipuka na yeye ana watoto. Alikataa pia kuuweka kwenye buti, kwa sababu hiyohiyo. Mwishowe tuliuzungusha blanketi la Ochieng' na kuuketisha kati yetu, kichwa chake cha shaba kikichungulia juu, na kila aliyepita alikitupia jicho.

Kwenye kizuizi cha njia karibu na Athi River, askari alipanda na kutembea katikati ya viti mpaka akafika kwetu.

"Hii ni nini?"

"Ni hewa, afande," nikajibu kwa sauti ya fundi.

"Hewa ya nini?"

"Hewa tu. Ya kupumua."

"Mnatoa hewa Nairobi mnapeleka Mombasa?"

"Ndiyo, afande."

Aliinama akanusa mdomo wa mtungi, labda akidhani ni pombe ya chang'aa. Akauliza kama huko Mombasa hewa imeisha. Basi zima likavunjika mbavu. Ochieng' akaanza kueleza habari za kuzamia, samaki na mawe ya chini, na kadiri alivyoeleza ndivyo askari alivyozidi kukunja uso. Tukateremshwa. Akaitwa mkubwa wake naye akanusa, akatuuliza maswali yaleyale, kisha akatuachia. Abiria walikuwa wamechoka kutungoja, na tulipopanda hakuna aliyetuangalia kwa wema.

Isipokuwa mama mmoja wa kiti cha mbele. Alikuwa wa kule kwetu Ukambani, mtu mzima, na vyondo viwili, vikapu vya kusuka, miguuni pake, anakwenda kumwona binti yake Mtito Andei. Aligeuka akaniuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, mgonjwa anaumwa nini. Nikamtazama Ochieng'. Bado alikuwa na maumivu ya kichwa tangu siku ya pipa, macho mekundu, na amejiegemeza kwenye mtungi uliofungwa blanketi. Nikaelewa mama amefikiri nini. Aliwahi kuona mitungi ya namna hiyo kando ya vitanda hospitalini.

Ningeweza kumwambia. Badala yake nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikasema, "Ni kifua, mama."

Nilifanya mchezo tu, jamani. Nilitaka kumchekesha Ochieng' baadaye. Lakini mama akamwambia jirani yake, jirani akamwambia wa nyuma, na kabla hatujafika mji wa Salama basi lote lilikuwa limetusamehe. Mtu akamwachia Ochieng' kiti cha dirishani. Mwingine akamletea machungwa. Ochieng' hakuelewa kwa nini watu wanampa pole, na nilipomnong'oneza sababu yake alitaka kusimama kuwaambia.

"Nyamaza tule," nikamwambia, huku nikimenya chungwa.

Emali

Basi liliharibika kabla ya kufika Emali. Dereva alisema ni rediata, utingo akasema ni dereva. Tulishuka wote tukakaa chini ya kivuli cha basi, na kivuli kikawa kinapungua. Kijana alitumwa Nairobi kwa gari lingine kutafuta kipuri, na hapo nikajua siku imekwenda.

Yule mama alifungua kiondo chake akatoa sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa. Sijala muthokoi mzuri hivyo tangu nitoke nyumbani, wenye kunde na mafuta kidogo juu. Alisema ni wa mgonjwa. Ochieng' alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Kwa hiyo aliyemaliza sufuria ni mimi, maana sikutaka mama adhani tumeudharau. Kisha mhubiri mmoja aliyekuwa anakwenda Voi akaja na Biblia yake, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Ochieng' na mwingine juu ya mtungi, akaomba sana. Watu wakaitika amina. Mimi pia niliitika. Ochieng' alikuwa ameinamisha uso, na niliona mabega yake yanatetemeka, nikadhani anazuia kicheko. Baadaye nilijua hakuwa anacheka, alikuwa anaona haya.

Kipuri kilikuja jua likiwa limeshuka. Tulipofika Mtito Andei na yule mama akaanza kukusanya vyondo vyake, alivua shuka lake begani ampe Ochieng' ajifunike mbele ya safari. Hapo Ochieng' akasimama.

"Mama, mimi si mgonjwa," akasema. "Nakwenda kutafuta kazi ya kuzamia baharini. Hii ni ya kupumua ndani ya maji. Unisamehe."

Mama hakukasirika naye. Alichukua shuka lake polepole, akalikunja, akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa unakula tu," akasema.

Akashuka. Watu wa viti vya karibu walikuwa wamesikia. Mpaka Mombasa nilijifanya nimelala.

Kivuko cha Likoni

Tulifika Mombasa asubuhi ya Jumamosi yenyewe, siku ya majaribio, badala ya kufika jana yake kama tulivyopanga. Hatukuwa tumeoga. Joto la huko linakuvaa mapema sana, na shati langu la safari lilikuwa limenigandia mgongoni. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi karibu na kivuko. Ochieng' alikula harakaharaka akitazama ng'ambo. Mimi nilikuwa naitazama bahari na kushangaa kwamba maji yote yale hayana mtu anayeyachota.

Kwenye feri jamaa mmoja mwenye kanzu aliuona mtungi akadhani ni wa kuchomelea vyuma, akafurahi. Akasema geti lake limekatika bawaba, twende tukamchomelee, si mbali. Nilianza kumwuliza ni geti la namna gani. Ochieng' akanivuta mkono.

"Mutua, leo tafadhali," akasema.

Hakuwahi kunisemesha namna hiyo. Nikaachana na geti. Njiani kutoka Likoni alinieleza tena na tena mambo ya kufanya: tukifika nisiseme 'sasa' wala 'habari yako mzee', niseme 'shikamoo', na nimwache yeye azungumze. Alisema akipata kazi hii atamleta Mama Akinyi na watoto kabla mwaka haujaisha, na Akinyi ataanza shule akiwa na viatu.

Ufukweni

Bwana Athumani ni mzee mwembamba mwenye kaptula na kofia ya darizi, ngozi imekaushwa na chumvi. Ochieng' alimwamkia vizuri. Mimi nikasema shikamoo kwa kuchelewa, naye akaitika marahaba akiwa ameshageuka. Palikuwa na kijana mwingine wa hapo hapo aliyekuja kujaribiwa, mtoto wa wavuvi. Nafasi ilikuwa moja.

Kwanza kuogelea. Waliingia wote wawili, wakaambiwa wafike kwenye boya na kurudi. Nataka niwaambie hili vizuri, kwa sababu hakuna mwingine wa Nairobi aliyeliona: Ochieng' aliogelea vizuri mno. Hakurusha maji. Alikwenda kama mtu anayetembea njia anayoijua, akafika bila haraka, akarudi, na yule kijana wa wavuvi alikuwa bado yuko mbali. Wapishi wa hoteli waliokuwa wanatazama wakapiga makofi. Bwana Athumani akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huyu ndiye niliyemkumbuka," akasema. "Haya, leta vyombo vyako tushuke kidogo, tumalize."

Nikauleta mtungi mimi mwenyewe. Niliufungua blanketi kwa madaha, nikausimamisha mchangani. Bwana Athumani akafunga geji yake na kufungulia. Mshale haukutikisika. Akaigonga geji kwa kidole, akaangalia tena. Kisha akafungua mdomo wa mtungi kidogo, akanusa ile hewa inayotoka, akarudisha uso nyuma.

"Nini hii?" akauliza. "Mafuta haya. Na rangi. Wallahi inanuka rangi ya gari."

Akaufungua wote. Hewa yetu ya Kabiro ilifukuta muda mfupi ikaisha, hewa tuliyoilaza kwenye blanketi, iliyoombewa Emali. Akatueleza, akiwa bado na hasira ya chini kwa chini, kwamba mtungi ule unahitaji msukumo mkubwa mara nyingi kupita wa matairi, kwamba hewa ile isingemfikisha mtu popote, na kwamba afadhali ilivyokuwa kidogo, maana mtu akiivuta hewa ya mafuta huko chini huzimia, na aliyezimia chini ya maji harudi. Nikakumbuka pipa. Nikakumbuka mikono ya Ochieng' ikishika ukingo.

"Nani aliyejaza mtungi huu?"

Ochieng' alinitazama. Alinitazama kwa muda wa kutosha kabisa. Nami nilikuwa natazama mchanga, vidole vyangu vya miguu, na kaa mdogo aliyekuwa anaingia shimoni. Niliwaza kwamba mzee huyu anaweza kuita askari. Niliwaza pia jina langu la Injinia. Niliwaza mambo mengi ya kipuuzi kwa mfululizo, na katika hayo yote hakuna lililokuwa la kumhusu Ochieng'.

"Ni mimi, mzee," Ochieng' akasema.

"Umejaza wapi?"

"Gereji. Nairobi."

"Na wewe umewahi kuzamia. Ulipoonja hewa hii hukujua?"

"Nilijua kidogo," akasema. "Nikapuuza."

Bwana Athumani alivua kofia, akaivaa tena. Alisema kuogelea ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kujaza mitungi ambayo watu wengine wataivuta hewa yake. Akamwambia kijana wa wavuvi aje Jumatatu. Kwa Ochieng' akasema pole, na kwamba kuna chai jikoni kabla hatujaondoka. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ulinichoma kuliko matusi.

Ningeweza kusema bado. Tulipokuwa jikoni tunakunywa chai ningeweza kuinuka na kutembea hatua chache mpaka kibandani kwake. Nilikuwa najiambia kwamba nikimaliza kikombe nitakwenda.

Kabla sijamaliza, mashine yao ya kujazia hewa, iliyokuwa ikinguruma nyuma ya jiko, ikaanza kugonga. Mimi sauti ya kompresa inayogonga siwezi kuivumilia. Niliinuka nikaenda, nikamkuta Bwana Athumani amejishika kichwa. Nikamwambia ni vali ya kuvutia imekwama, na mkanda umelegea. Akanipa spana. Niliifungua, nikasafisha, nikakaza, nikawasha, ikatulia. Alinionyesha makopo ya mkaa na sufi ambayo hewa hupitia ili mafuta yasipite, na nikayashika kwa mikono yangu nikaona jinsi yanavyofanya kazi. Nilisahau kila kitu kwa muda huo. Nilikuwa na furaha, na hilo nalo naona haya kulisema.

"Wewe fundi," akasema. "Lakini hii ni hewa ya watu, si ya matairi. Waijua tofauti?"

"Naijua, mzee," nikajibu, kana kwamba sikuwa nimejifunza asubuhi hiyohiyo.

"Yule kijana atanisaidia majini. Mashine sina mtu wa kuitazama. Njoo mwanzo wa mwezi, chumba kipo." Akapangusa mikono, akaongeza, "Lakini huyo mwenzako usije naye. Mtu anayejaza mtungi kwa pampu ya gereji ataniulia wageni."

Ochieng' alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kikombe mkononi. Umbali ulikuwa mdogo na alisikia kila neno.

"Kweli, mzee," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Sikunyamaza safari hii. Nilikubali.

Kurudi

Basi la kurudi halikuharibika mahali popote. Lilikwenda moja kwa moja, na mtungi mtupu ulikaa kwenye buti bila mtu kuulalamikia. Ningeshukuru kama lingevunjika ekseli. Voi Ochieng' alinunua maembe dirishani akanipa moja. Tulipita Mtito Andei, tukapita Emali.

Tulipokaribia Nairobi nikamwuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Ulikuwa umenyamaza," akajibu. "Nikasema mmoja wetu aseme kitu."

"Lakini ungesema ukweli."

"Mimi nilidhani nikisema ni mimi, wewe utakataa," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachungulia dirishani. "Si tumetoka pamoja?"

Nikamwambia nitaandika kwa Bwana Athumani, nitarudi, nitasema. Akaniambia yule kijana ameshapewa nafasi na huenda naye ana watoto, kwa hiyo nikirudi kusema nitaharibu kazi mbili, ya kijana na yangu, badala ya moja. Akaniambia niende nikafanye kazi. Sikubishana naye. Niliona nafuu kwamba hakunilazimisha, na nafuu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Kisumu Ndogo

Nilikaa siku kadhaa bila kuvuka kwenda upande wa Kibera. Mlipokuja kunipongeza Kabiro niliwaambia kwamba Ochieng' hakuwa na bahati. Yeye huko kwake, nimesikia, aliwaambia watu kwamba alijaza mtungi vibaya kwa ujuaji wake. Alisema hivyo hata kwa mkewe. Mama Akinyi alikuwapo siku nilipotoa lile wazo, na aliniunga mkono, lakini Ochieng' alimweleza kwamba usiku wa kuamkia safari aliumwaga ule upepo wangu mzuri akajijazia mwenyewe mahali pengine. Amenijengea uongo mzima wa kunisitiri, wenye kuta na paa.

Juzi Mama Akinyi akanitumia mtu kuniita kula. Sikuweza kukataa. Nilikuta amepika ugali, omena za kukaanga na mboga ya sukuma, chakula kingi kuliko ninavyojua uwezo wa nyumba ile. Alinikaribisha kwenye kiti kilichokuwa kimoja. Ochieng' alikaa kitandani na watoto. Mama Akinyi akanishukuru kwa kumsindikiza mumewe na kumrudisha salama, maana alisikia kwamba hewa ile ingeweza kumuua. Akasema Mungu amenilipa kwa wema wangu, ndiyo maana nimepata kazi.

Kisha akaweka mwiko chini.

"Bwana Mutua, wewe una akili ya mashine na yeye anakuheshimu," akasema. "Zungumza na huyu mtu aache kujitia anajua kila kitu. Kama angekusikiliza wewe, leo tungekuwa na kazi hapa."

Ochieng' alikuwa anammegea mtoto wake ugali.

Nikamwambia Mama Akinyi kwamba nitazungumza naye. Akafurahi, akaniongezea omena, na Ochieng' akanisogezea sukuma ili niifikie vizuri.